Kazi ya Ofisi na Maisha ya Nyumbani: Tuliyojifunza Tukiwa Wanagenzi Kisumu

Wapendwa wana-vikundi,

 Tunaoandika ni sisi wawili, msichana na mvulana, tuliomaliza miezi mitatu ya kujifunza kazi katika ofisi moja mjini Kisumu inayoshughulika na miradi ya vijiji. Ofisi yenyewe hatutaitaja jina, kwa maana hatukuja kumshtaki mtu. Tunataka kueleza tu.

Siku tulipoondoka nyumbani, vikundi vyetu vilituchangia. Kimoja kilitoa nauli na godoro, kingine kikatoa unga, omena kavu na pesa za kodi ya mwezi wa kwanza. Tuliombewa, tukasindikizwa hadi stendi. Basi wiki ya nne ilipofika, mama mmoja wa kikundi akapiga simu.

"Mwanangu, habari ya kazi?"

"Nzuri, Mama."

"Sasa mwezi si umeisha? Wamekulipa?"

Tukanyamaza. Tulijua hakuna mshahara, lakini tuliona aibu kusema. Tukajibu, "Bado, Mama, labda mwezi ujao." Huo ulikuwa uongo, na uongo huo ulitusumbua. Ndiyo sababu tumeona heri tuwaeleze wazi kazi ya ofisi ilivyo, jinsi inavyoweza kummeza mtu, na jinsi ofisi na nyumbani wanavyoweza kuelewana ili kijana wenu asipotee katikati.

MWANAGENZI NI MTU WA NAMNA GANI?

Tuanze hapo, kwa sababu hapo ndipo kutoelewana kunapoanzia. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi akiwa kazini. Wako wa aina mbili mnaowaona sana.

Wa kwanza ni mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni. Chuo kinamtuma akae ofisini, hospitalini au karakana kwa miezi michache kabla ya kumaliza masomo. Vijana huita atachimenti. Huyu huja na barua ya chuo, ana kitabu cha kuandika kazi ya kila siku, na mwalimu wake huja kumkagua.

Wa pili ni kijana aliyemaliza chuo lakini hajapata kazi. Anachukuliwa kwa muda, pengine miezi sita au mwaka mmoja, ili apate uzoefu. Huyu ndiye anayeitwa intani.

Wote wawili wako kazini, lakini si waajiriwa kama karani au dereva wa ofisi. Wengine hupewa posho ya nauli na chakula, na wengine hawapewi chochote. Kwa hiyo mkimwona kijana wenu amevaa shati jeupe na tai, amebeba faili kwapani, msidhani ana pesa. Pengine hata hiyo tai ameazima.

Wengine watauliza, kwa nini basi aende? Ni kwa sababu vyuo vingi havimpi mtu cheti kama hajafanya mafunzo hayo, na waajiri wengi humwuliza kijana, "Umefanya kazi wapi?" Mafunzo ni mlango. Lakini mlango huo una gharama, na gharama hiyo mara nyingi inabebwa na nyumbani.

SIKU YETU ILIKUWA HIVI

Kila mmoja wetu alipanga chumba chake Nyalenda, ploti moja. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya foleni ya maji. Saa moja tulikuwa njiani kwa miguu kuelekea mjini, maana pesa za bodaboda kila siku hazikuwepo. Ofisi ilifunguliwa saa mbili asubuhi. Saa saba mpaka saa nane ni chakula cha mchana, na saa kumi na moja jioni ofisi inafungwa. Ukihesabu, hizo ni saa 8 za kazi kwa siku, na kwa siku tano ni saa 40.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa ukutani. Sisi tulifanya vingine. Tuliona wakubwa wanabaki baada ya saa kumi na moja, nasi tukabaki. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Saa kumi na mbili inafika, saa moja ya usiku inafika, mtu anajifanya anapanga faili ambazo alishazipanga. Tulikuwa tunatoka saa mbili usiku. Jumamosi nayo tulikuja saa tatu hadi saa saba, eti tuonekane tuna bidii.

Hesabuni nasi. Saa 3 za ziada kila siku kwa siku tano ni saa 15. Jumamosi ni saa 4. Ukijumlisha na zile 40 unapata saa 59 kwa wiki. Na hapo hatujahesabu kutembea, kufua, kupika na kuteka maji.

NDANI YA OFISI KUNA NINI?

Wengi wenu mmewahi kufika ofisini na kuambiwa, "Rudini kesho." Hata sisi tulipokuwa nyumbani tulilalamika kwamba watu wa ofisi wanakaa tu kwenye viti. Tulipoingia ndani tuliona mambo mawili, na yote mawili ni ya kweli.

La kwanza, kazi ipo, na nyingine haionekani. Barua ya kikundi ikifika inapigwa muhuri, inaandikwa kwenye kitabu cha kupokea barua, inatiwa kwenye faili ya kikundi, halafu inapelekwa kwa afisa anayehusika. Afisa huyo pengine yuko kijijini kwa wengine kama ninyi, au yuko kwenye semina. Ikiwa ni jambo la pesa, panahitajika sahihi za watu wawili, na mmoja akikosekana karatasi inalala hapo. Mwisho wa mwezi ndio mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu anaandika ripoti, na mfadhili akikosa ripoti pesa za mradi huchelewa. Kwa hiyo ukifika tarehe 30 usishangae watu wakikutazama kama hawakuoni. Njoo katikati ya mwezi, asubuhi, ukiwa na kopi ya barua yako mkononi. Utasaidiwa haraka zaidi.

La pili, kuna muda mwingi unaopotea bure. Kungoja gari. Kungoja stima irudi ili kompyuta iwake. Kungoja mkubwa atoke mkutanoni. Tuligundua kwamba sehemu kubwa ya zile saa tatu za jioni haikuwa kazi hasa. Ilikuwa woga. Kila mtu alimwogopa mwenzake, asije akasema, "Huyu ni mvivu."

TULIPOKOSEA

Tuwaambie mambo mawili yaliyotufungua macho.

Jioni moja, yapata saa mbili kasoro, mmoja wetu alikuwa anaingiza kwenye kompyuta orodha ya akiba za vikundi. Macho yalikuwa mazito. Akaandika 1,500 mahali pa 15,000. Hakuna aliyeona. Wiki mbili baadaye wazee watatu wa kikundi kile wakaja wakiwa na kitabu chao, wamepanda matatu kutoka mbali, kuuliza pesa yao imeenda wapi. Mkubwa wa hesabu hakuwepo siku hiyo, wakarudi nyumbani. Wakaja tena. Sufuri moja tu iligharimu nauli ya watu watatu mara mbili, na zaidi ya hiyo, kijijini watu walikuwa wameanza kumshuku mweka hazina wao kwamba amekula pesa. Mtu aliyechoka akikosea ofisini, anayeumia ni kikundi. Tuliwaomba radhi wazee wale, nao wakatusamehe, lakini tulijua sufuri ile ilipotea kwa uchovu.

Jambo la pili lilikuwa la nyumbani. Mwenzetu yule mwingine alikaa wiki saba bila kwenda kwao Asembo, ingawa si mbali. Kila Jumamosi alisema, "Wiki ijayo." Alipofika hatimaye, akamkuta nyanya yake amekonda sana, anatembea kwa kushika ukuta. Kumbe alikuwa amelazwa hospitali siku nne, na ameshatoka. Hakuna aliyempigia simu.

"Mbona hamkuniambia?"

Nyanya mwenyewe akajibu, "Nyathina, uko kazini. Tuliogopa wasije wakakufukuza kwa sababu yangu."

Tazameni hapo. Kijana anaficha ukweli wa mshahara kwa sababu ya aibu, na nyumbani wanaficha ugonjwa kwa sababu ya heshima ya ofisi. Kila upande unadhani unamlinda mwenzake. Nyanya yetu alipona, tunashukuru. Lakini angeweza kufariki, na mjukuu yuko ofisini anapanga faili zilizokwisha pangwa.

SAA YA RELI NA SAA YA ZIWA

Siku ile ile kule Asembo tulikuta wavuvi wamekaa ufuoni mchana, wanashona nyavu. Tukamwuliza mzee mmoja kwa nini hawaendi ziwani. Akacheka. "Ninyi watu wa ofisi hamwangalii juu? Mwezi ni mkubwa."

Wale wenu mlio ufuoni mnalijua hili, lakini wa bara tuwaeleze. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa totoro, mwanga wa taa huwavuta samaki wale wadogo wakakusanyika, na wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, na taa haina nguvu tena. Kwenda ni kupoteza mafuta. Kwa hiyo siku hizo mvuvi hukaa nchi kavu. Anashona wavu, anaziba mtumbwi, anahudhuria mazishi na mikutano, anazungumza na watoto wake. Tena kwa miaka mingi Serikali imeweka miezi ya kufunga uvuvi wa omena, Aprili mpaka Julai, ili samaki wazaane. Hata ziwa linapewa likizo.

Lakini tuseme ukweli wote. Mama anayeanika na kuuza omena, siku hizo za mwezi mpevu hapumziki kama mume wake. Anaenda shambani, anateka maji, anatafuta kuni, anauguza mgonjwa. Kwake ni kubadilisha kazi tu. Kwa hiyo tunaposema mapumziko, tuulize pia ni mapumziko ya nani.

Saa ya ofisi ni ya namna nyingine. Reli ilifika kwenye ghuba yetu mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Treni haingoji mtu amalize uji. Pamoja nayo zikaja bandari, maghala na ofisi, na watu wakaanza kuuza saa zao, kuingia kwa saa na kutoka kwa saa. Hiyo ilikuwa ngumu kwa babu zetu, lakini ilikuwa na faida moja. Saa ya kutoka ilijulikana. King'ora kikilia, mtu anavaa koti anaenda.

Siku hizi tuna taabu mpya, kwa sababu king'ora kimehamia mfukoni. Mkubwa anatuma ujumbe kwenye simu saa nne za usiku, "Kesho leta ile orodha." Unalala nayo kichwani. Ziwa lina mwezi wa kukuambia pumzika, reli ilikuwa na king'ora, lakini simu haina mwezi wala king'ora. Usipoiwekea mwisho wewe mwenyewe, mwisho hauji.

SHERIA INASEMAJE?

Kupumzika si zawadi ya mkubwa mwenye roho nzuri. Watu wamekupigania kwa miaka mingi. Mwaka 1919 nchi nyingi zilikutana Washington, Marekani, zikatoa mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, na mkataba huo ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Hapa kwetu hatuwezi kumsahau Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga. Yeye alianza kama mkaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi, akaongoza vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962, akiwa waziri wa kazi, Serikali, waajiri na wafanyakazi walikubaliana mkataba wa kusikilizana kazini.

Leo sheria kubwa ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Shikeni mambo haya machache:

Kwanza, mfanyakazi apewe angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba.

Pili, baada ya kufanya kazi miezi 12 mfululizo, ana haki ya likizo ya siku za kazi zisizopungua 21, akilipwa mshahara wote.

Tatu, mama anayejifungua apate miezi mitatu ya likizo yenye malipo, na baba apate wiki mbili.

Nne, kazi ya kuanzia miezi mitatu na kuendelea iwe na mkataba ulioandikwa.

Tano, sheria hiyo inakataza mtu kusumbuliwa kimapenzi kazini, na mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima atoe maandishi ya kueleza jinsi anavyolizuia jambo hilo. Tunalitaja kwa sababu mabinti wengi huambiwa wabaki usiku na mkubwa mmoja peke yao. Binti ana haki ya kukataa, na wazazi wana haki ya kuuliza.

Mwanafunzi wa mafunzo haguswi na kila kifungu kama mwajiriwa. Mengi yanategemea barua aliyopewa na makubaliano ya chuo na ofisi. Lakini yeye pia ni binadamu, na mwili wake unachoka kama wa wengine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo ya uchunguzi. Walikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Zetu zilikuwa 59, mnakumbuka? Sisi ni vijana na miezi mitatu haikutuua, lakini tabia huanza hivyo.

Hata jambo la simu limeanza kuzungumzwa. Ufaransa, tangu mwaka 2017, makampuni makubwa kidogo yanatakiwa kukubaliana na wafanyakazi wao juu ya haki ya kutojibu simu za kazi baada ya saa za kazi. Kwetu Kenya mswada wa namna hiyo ulipelekwa katika Seneti mwaka 2022.

YALIYOTUSAIDIA

Baada ya safari ile ya Asembo tuliamua kuzungumza na msimamizi wetu, ambaye wote tulimwita Madam. Tulifanya mazoezi ya maneno siku mbili nzima kwa woga. Tukaingia, tukasema, "Madam, tunaomba tuwe tukitoka saa kumi na moja, na Jumamosi tuende nyumbani."

Akatutazama. "Kwani nani aliwaambia mbaki?"

Hatukuwa na la kujibu, maana hakuna aliyetuambia! Akaendelea, "Mimi hubaki kwa sababu nangoja mume wangu anipitie na gari. Nilidhani ninyi mnapenda kompyuta." Tulicheka wote, lakini tulitoka tukiwa na uchungu kidogo. Wiki saba tumejifunga kamba ambayo hakuna aliyetufunga.

Tunajua si kila ofisi ina Madam kama huyo. Ziko ofisi ambazo mwanagenzi hugeuzwa kuwa mtumishi wa bure, wa kununua chai na kuosha gari, na akilalamika anaambiwa hatapewa barua yake. Hapo kijana asipigane peke yake. Amwambie mwalimu wa chuo anayemkagua, na awaambie wazazi mapema. Lakini kwanza aulize. Mara nyingine jibu ni rahisi kuliko woga wetu.

Tangu siku hiyo tulifanya hivi:

1. Asubuhi tuliandika kwenye daftari kazi tatu za siku hiyo. Zikikwisha, tulimwuliza Madam kama kuna nyingine. Hakuna kujifanya.

2. Hesabu za vikundi tulizifanya asubuhi, akili ikiwa safi, na mmoja alisoma huku mwingine akikagua. Hatukukosea sufuri tena.

3. Saa kumi na moja na robo tulikuwa nje. Kukiwa na ripoti ya haraka kweli tulibaki, na tulijua tunabaki kwa nini.

4. Simu za kazi tulizijibu mpaka saa moja usiku. Baada ya hapo zilingoja asubuhi. Hakuna kilichoharibika.

5. Kila wiki ya pili tulienda nyumbani. Wiki tuliyobaki mjini tulipumzika kweli. Jumapili tulipita Kibuye sokoni, jioni tukashuka Dunga kutazama ziwa.

6. Tuliwaambia nyumbani ukweli: hakuna mshahara. Tulidhani watakasirika. Yule mama aliyepiga simu akasema tu, "Si ungesema mapema, mwanangu? Tungekuwekea unga." Jumamosi iliyofuata gunia la unga lilikuja na matatu.

VIKUNDI VIFANYE NINI?

Kabla ya kumchangia kijana anayeenda mafunzo, kaeni naye mumwulize: Unaenda miezi mingapi? Kuna posho au hakuna? Unaingia na kutoka saa ngapi? Utakuja nyumbani lini? Mwombeni alete barua ya ofisi msome pamoja. Mkishajua hakuna mshahara, mchango wenu uwe wa miezi yote na si wa mwezi wa kwanza tu, hata kama ni unga na omena. Na hakuna anayesimama stendi kumngoja na mikono wazi.

Akiwa kule, msimfiche magonjwa na matatizo. Mwambieni kama ilivyo, na aje kama anatakiwa. Ofisi nyingi humruhusu mtu mwenye mgonjwa akiomba vizuri. Lakini pia msimwite kwa kila jambo dogo. Si lazima aje kwa kila kikao cha harusi.

Na sasa tuwaguse kidogo ninyi wenyewe. Katibu na mweka hazina wa kikundi, je, wao hupumzika saa ngapi? Tumeona nyumbani jinsi watu wanavyobisha mlango wa mweka hazina usiku, "Nipe ile mia tano, mtoto hana nauli." Huyo mama hana mshahara, hana likizo, na usiku huo huo anahesabu pesa zenu kwa taa, akiwa amechoka. Kumbukeni sufuri yetu. Kubalianeni siku moja ya wiki na saa maalum za kuweka na kuchukua pesa. Nje ya hapo, pawe na dharura ya kweli tu. Hesabu zifanywe mchana, na watu wawili. Kila baada ya muda mliokubaliana mbadilishane kazi hizo, kama mlivyozoea katika saga zamani, ambapo leo tunalima kwako na kesho kwangu, na jioni ikifika kila mtu anaenda kwake.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna kijana wetu aliye mafunzoni sasa? Nani alizungumza naye mara ya mwisho, na alimwuliza nini zaidi ya pesa?

2. Tukihesabu saa za mama wa nyumbani mwetu kwa wiki moja, zinafika ngapi? Nani katika nyumba anaweza kumpunguzia?

3. Mweka hazina wetu hubishiwa mlango saa ngapi? Tumwekee siku gani?

4. Kuna jambo gani tunaloficha nyumbani au ofisini kwa sababu ya aibu, ambalo tukilisema litapata msaada?

Sisi tumemaliza, na vyeti vyetu tumepata. Mmoja wetu anatafuta kazi, mwingine amerudi chuoni. Nyanya wa Asembo anaendelea vizuri, na ametuagiza tuwaambie kwamba mwezi ukiwa mkubwa anamngoja mjukuu wake, ofisi ipende isipende.